Mpira wa Shubiri Moja: Nilivyoitafuta Petroli Iliyokuwa Haifiki

Gari lilikuwa la baba. Pikapu ya mwaka 1978, injini ya silinda nne, kabureta moja (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa), na pampu ya mafuta ya zamani inayosukumwa na kamshafti, mhimili unaozunguka ndani ya injini. Alipofariki niliachiwa ufunguo, na pamoja na ufunguo nikaachiwa ugonjwa ambao hakuwahi kunisimulia. Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri. Likipanda mlima mrefu lilianza kusitasita, likavutavuta kama mtu aliyepaliwa, kisha likakata moto. Ukilisubiri dakika kumi na kupiga stata ndefu, linawaka, linaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nilichukua karibu mwaka mzima kuupata ugonjwa huo. Naandika haya kwa ajili ya yule aliyekaa kando ya barabara na gari la petroli la zamani, boneti iko wazi, na kila anayepita anamwambia kitu tofauti cha kubadilisha.

Mimi nilianza na kabureta, kama wanavyoanza wengi. Niliifungua mara tatu. Mara ya kwanza nilifanya kosa ambalo bado linanisikitisha: nilizibua jeti, yaani kile kipande chenye kitundu kinachopimia petroli, kwa waya. Tundu la jeti limepimwa kwa umakini mkubwa. Kwenye kabureta nyingi namba iliyochorwa pale, tuseme 120, ndiyo upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita. Waya wa chuma ukipita humo na kukwaruza, namba ile si kweli tena, na gari litakula mafuta kupita kiasi mpaka ununue jeti nyingine. Jeti huzibuliwa kwa dawa ya kusafishia kabureta na kwa upepo wa kompresa, basi. Nililazimika kununua nyingine.

Baada ya kabureta nikabadilisha filta. Baada ya filta fundi wa gereji niliyokuwa naitumia wakati huo akasema pampu imechoka, akafunga mpya. Siku mbili gari lilipanda kila mlima. Nilifurahi kweli, nikawasimulia watu kwamba ilikuwa pampu. Siku ya tatu likazima palepale lilipozoea kuzima.

Kilichonipita siku zile mbili ni kwamba kabla ya kwenda kulijaribu nilijaza tangi mpaka juu. Sikuona kuwa hiyo ni habari. Na kulikuwa na habari nyingine niliyoinusa kwa pua yangu na kuipuuza: kila nilipojaza tangi kulikuwa na harufu ya petroli karibu na gurudumu la nyuma, na vumbi la upande ule lilikuwa na unyevunyevu. Nilidhani nilimwagia nje wakati wa kujaza.

Aliyenifungua macho ni fundi mzee aliyekuwa ameshaacha kazi ya gereji, rafiki wa marehemu baba. Nilimweleza kila kifaa nilichobadilisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Likizima, tangi huwa na kiasi gani?"

"Sijaangalia, mzee."

"Asubuhi linawaka kwa stata moja?"

"Hapana. Linataka stata ndefu, hasa tangi likiwa chini ya nusu."

"Sasa hayo ndiyo maneno, mwanangu. Ulikuwa unanisimulia vipuri. Nisimulie gari."

Hakutaka kuligusa pale nyumbani. Alisema gari likiwa zima halina cha kuonyesha, twende likafie mbele yetu. Tukaweka sanduku la spana, chupa ya bati yenye mfuniko, kizima moto, na kipande cha mpira wa plastiki unaopitisha mwanga, wa aina isiyoyeyushwa na petroli. Tangi lilikuwa na robo tu. Tukaelekea mlimani.

Lilipozima, alikuwa ameshateremka kabla sijavuta breki ya mkono. Baadaye nilielewa haraka ile. Dalili ya kukosa mafuta huishi dakika chache tu. Ukisubiri, na ukapiga stata mara mbili tatu, umeshalijaza bakuli la kabureta, pale petroli inapotuama kabla ya kuingia injini, na umefuta ushahidi. Alitoa kifuniko cha filta ya hewa, akachungulia ndani ya mdomo wa kabureta, akavuta waya wa mafuta, ule unaovutwa na pedali ya kuongeza mwendo, kwa mkono. Kwenye kabureta nyingi kuna pampu ndogo ya kuongezea kasi: ukivuta waya ule injini ikiwa imezima, unaona mchirizi mwembamba wa petroli ukirukia ndani. Kwetu hakukuwa na mchirizi. Alivuta tena na tena, pakavu.

Hapo ndipo njia inapogawanyika mara mbili. Mchirizi ukiwepo, bakuli lina petroli. Acha habari za tangi, pampu na mipira, katafute kwenye umeme wa cheche au kwenye jeti. Mchirizi ukikosekana, na ukijua pampu ile ndogo huwa inafanya kazi, bakuli ni tupu, na tatizo liko nyuma ya kabureta. Kipimo hiki hakihitaji chombo chochote wala hakichukui dakika moja, na kingeniokolea kazi yote ya kufungua kabureta mara tatu.

Akachomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, akauelekeza ndani ya ile chupa ya bati. Kabla ya hapo alichomoa waya wa koili, kifaa kinachotoa umeme wa cheche, ili pasiwe na cheche hata moja, akaniweka na kizima moto mkononi, nikasimama upande upepo unakotoka. Mwenziwe mmoja tuliyekuwa naye akapiga stata. Pampu nzima hutema petroli kwa mapigo yanayofuatana, kila pigo limejaa. Injini ndogo ikiwa inaunguruma, nusu lita kwa dakika si kazi kubwa kwake. Yetu ilitema pigo moja, ikatoa povu, ikatema kidogo, ikatoa povu tena.

Fundi mwingine angesema pampu mbovu, na ndivyo nilivyokwisha kuambiwa. Mzee alisema pampu haiwezi kutoa ambacho haipewi. Akaukata mpira unaoingia kwenye pampu, upande wa kutoka tangini, akaunganisha pale kile kipande cha plastiki. Stata ikapigwa tena. Ndani ya plastiki tukaiona petroli inakuja, na katikati yake vipovu vinakimbia kama shanga kwenye uzi.

Sikuwahi kufikiria jambo lile. Upande wa kutoka pampu hadi kabureta una msukumo. Mpira ukipasuka huko, petroli inatoka nje, unaiona na kuinusa. Upande wa kutoka tangi hadi pampu una mvuto. Mpira ukipasuka huko, petroli haitoki. Hewa ndiyo inayoingia. Hakuna tone, hakuna alama, mtu analala chini ya gari na tochi asione kitu. Pampu inanyonya hewa kwa sababu hewa ni nyepesi kuvutwa kuliko petroli, na bakuli la kabureta linakauka taratibu wakati injini inadai mafuta mengi zaidi, yaani mlimani.

Ikaeleweka pia kwa nini tangi lililojaa lilikuwa linaficha ugonjwa. Petroli ikiwa juu karibu na mpira, pampu haihitaji kuvuta kwa nguvu, hewa inayoingia ni kidogo. Petroli ikishuka, pampu inainyanyua kutoka mbali zaidi, mvuto unaongezeka, ufa unafunguka. Na tangi likiwa limefurika kabisa, petroli ilikuwa inajipenyeza nje kwa ufa uleule. Ile harufu karibu na gurudumu la nyuma na kule kuzima mlimani vilikuwa kitu kimoja. Stata ndefu ya asubuhi nayo ilikuwa ndugu yao: usiku hewa iliingia, petroli iliyokuwa kwenye bomba ikarudi tangini, asubuhi pampu ikaanza kuivuta upya tangu mwanzo.

Mzee hakuridhika bado. Alitaka uthibitisho kabla ya kwenda kununua hata klempu. Alileta kidumu cha chuma cha lita chache, akakifunga imara mahali pa usalama mbali na joto la injini, akapeleka mpira mmoja mpya kutoka humo moja kwa moja hadi kwenye pampu. Gari lilipanda mlima wote bila kusita. Kwa jaribio hilo moja tulijua pampu ni nzima, filta ya mbele ni nzima, kabureta ni nzima. Kilichobaki ni tangi, bomba la chini, na viungo vyake.

Tukafuata kipande kwa kipande. Karibu na tangi, juu ya ekseli, palikuwa na mpira wa kama shubiri moja unaounganisha bomba la chuma na mdomo wa tangi. Ukiutazama kwa chini ulikuwa mweusi, laini, mzuri. Mgongoni, pale klempu ilipouma kwa miaka mingi, ulikuwa na ufa uliozunguka karibu nusu. Kuupata ilibidi kuupapasa kwa vidole. Tulipouchomoa na kuukunja, ulipasuka pasuka wote.

Mipira ya aina hii inastahili maneno zaidi. Ule uliotengenezwa zamani haukuandaliwa kwa petroli yenye ethanoli, na petroli ya siku hizi mahali pengi ina ethanoli ndani yake. Mpira hulainika kwa ndani, huvimba, na tabaka la ndani linaweza kumenyuka na kulala kama ulimi. Ulimi huo unaweza kuruhusu petroli ipite polepole na kuziba pale mvuto unapoongezeka. Kwa nje huoni chochote. Ndiyo maana siku hizi nikipata gari la zamani sikagui mipira kwa macho. Naibadilisha yote, kutoka tangini hadi kwenye kabureta, kwa mpira ulioandikwa kuwa ni wa mafuta, kisha ndipo naanza kutafuta ugonjwa. Na klempu naweka zile za duara zisizo na meno ya kukata mpira.

Kuna jambo moja la filta ambalo limewapoteza wengi. Filta ya plastiki inayoonyesha ndani ikiwa nusu tupu, watu hushtuka. Mara nyingi si ugonjwa. Hewa kidogo hukaa juu ya filta na gari linakwenda vizuri. Kinachosema kitu ni vipovu vinavyopita mfululizo, au rangi ya kilichotuama chini. Kwetu chini palikuwa na unga mwekundu, kutu ya tangi. Tulilishusha tangi baadaye, tukakuta chujio la wavu mwanzoni mwa bomba la kunyonyea limevikwa tope. Bomba lilipulizwa kwa upepo kurudi nyuma, likiwa limekatwa kwenye pampu na mfuniko wa tangi umefunguliwa. Usipulize upepo ukipitia pampuni. Utapasua mpira wake wa ndani, ule utando unaovuta na kusukuma petroli. Na usimruhusu mtu yeyote achomelee tangi la petroli kwa kuwa tu limemwagwa. Mvuke unaobaki kwenye tangi tupu unalipuka kuliko petroli yenyewe.

Miezi saba baadaye gari likarudia kuzima, safari hii kwenye tambarare, baada ya kama nusu saa ya mwendo. Sikukimbilia spana. Nilichungulia kabureta: hakuna mchirizi. Nikaenda kufungua mfuniko wa tangi, na hewa ikaingia kwa mlio mrefu. Niliupoteza mfuniko wa asili na kununua mwingine ulioenea vizuri, ila haukuwa na tundu la kupumulia. Petroli ikitoka tangini lazima hewa iingie mahali pake. Isipoingia, tangi linajikaza mpaka pampu ishindwe kuvuta. Nimeona tangi la bati lililobonyea ndani kwa sababu hiyohiyo. Kwenye gari la baba hakukuwa na bomba lingine la hewa, mfuniko ndio uliokuwa pua yake. Nilitafuta wenye tundu, na hapo hadithi ikaisha.

Mara nyingine lilizima likiwa limepata moto sana, nikachungulia, mchirizi ukaruka vizuri. Zamani ningefungua pampu. Nikajaribu cheche, nikakuta ni dhaifu, ya rangi ya manjano, inakuja na kupotea. Koili ilikuwa inakufa ikipata joto na kufufuka ikipoa, na dalili zake zinafanana na kukosa mafuta kiasi kwamba hata dereva mzoefu hawezi kuzitenganisha akiwa amekaa kwenye usukani. Tofauti niliyoizoea baadaye ni hii: cheche ikikosekana gari hukata ghafla, kama umezima swichi. Mafuta yakikosekana hudhoofika kwanza, husita, hukohoa, ndipo huzima. Si sheria ya kila siku, lakini inasaidia kuchagua pa kuanzia.

Kuna na petroli kuchemka ndani ya bomba. Sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi joto 35 hivi, na upande wa mvuto huchemka mapema zaidi kwa sababu mvuto unashusha kiwango cha kuchemka. Bomba likipita karibu na eksozi, au kikinga joto kati ya pampu na injini kikiwa kimetupwa na fundi aliyeona hakina kazi, petroli inageuka mvuke na pampu inabaki kuusukuma mvuke ule huku na huko. Watu hubana vibanio vya nguo vya mbao kwenye bomba, na wanaapa kwamba vinatibu. Sijaona vikitibu. Nilichoona kikitibu ni kulisogeza bomba mbali na eksozi na kurudisha kile kikinga.

Kuhusu pampu yenyewe, kuna dalili moja inayotaka uzime gari mara moja. Mpira wake wa ndani ukitoboka, petroli inaweza kuteremka kwenye oili ya injini. Chomoa kijiti cha oili: kiwango kikiwa kimepanda kuliko ulipokiacha, na oili ikinuka petroli, usiwashe tena. Oili hiyo imekuwa nyepesi na haishiki beringi, na mvuke ulio chini unaweza kushika moto.

Naomba nisisitize hili la moto kwa uzito wote. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautoki juu, hutambaa chini na kujaa kwenye shimo la gereji, ukasubiri cheche. Taa ya balbu ya kioo ikianguka na kupasuka inatosha. Fanya kazi nje, injini ikiwa imepoa, betri imekatwa isipokuwa unapohitaji stata, na chombo cha kukingia kiwe cha chuma au kidumu kilichotengenezwa kwa mafuta. Na usinyonye petroli kwa mdomo. Mimi niliwahi kufanya hivyo, ikanipalia, nikakohoa siku tatu mfululizo. Petroli ikiingia mapafuni huyaharibu, na inaweza kuua.

Vipimo nilivyoeleza ni vya gari la kabureta, ambalo pampu yake husukuma kwa baa (kipimo cha msukumo) 0.2 hadi 0.4 hivi. Gari la petroli la sindano za kielektroniki huwa na msukumo wa baa 2.5, 3 na zaidi. Ukichomoa mpira wake bila kupunguza msukumo kwanza, petroli itakurukia usoni.

Pampu ya zamani, ile iliyosemwa imechoka, fundi alinirudishia ikiwa kwenye boksi la mpya. Siku moja niliitoa, nikaziba tundu la kuingizia kwa kidole na kuminya mkono wake. Ilikivuta kidole na kukishikilia. Nikaziba tundu la kutolea, nikaminya tena, ikasukuma na kushikilia. Ilikuwa nzima miaka yote. Ile mpya ilipotoboka mpira wake wa ndani mwaka uliofuata, nilifunga ya baba, na ndiyo iliyoko kwenye gari mpaka leo.